Nyumba Niliyoizuia Isiuzwe

Wateja wa sita walikaa ndani dakika nane. Nilizihesabu nikiwa upande wa pili wa barabara, chini ya mwavuli wangu, maana utaratibu wa kazi yangu ndio huo: nyumba ikionyeshwa, aliyeipanga na anayeishi humo wote wanatoka nje, anabaki dalali peke yake. Mtu hawezi kujiona yuko kwake huku mwenye nyumba amesimama jikoni anamtumbulia macho. Dakika nane ni kidogo. Nyumba ya vyumba vinne, chini na ghorofani, mtu akiipenda ngazi tu atazipanda mara mbili.

Mke alitoka wa kwanza, mkoba kwapani. Mume akamnong'oneza dalali kitu, dalali akacheka kile kicheko chake cha kuficha aibu, wakaagana. Nilijua tayari. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikaona haya.

Usinihukumu kwanza. Ngoja nikueleze.

Kazi yangu ni kuandaa nyumba zinazouzwa. Wengi hawajui kama kuna kazi ya namna hiyo, na wanaoijua wanaidharau. Mume niliyeachana naye alikuwa akiwaambia rafiki zake kwamba nalipwa kusogeza makochi. Ni kweli, nasogeza makochi. Lakini hebu ingia nyumba ya watu ukute picha ya harusi yao ukutani, dawa zao mezani, kabati limeziba nusu ya dirisha. Hata kuta ziwe nzuri vipi, utajiona mgeni, na mgeni anachowaza ni kuaga. Mimi natoa nusu ya vitu. Nashusha picha zote. Balbu nazifanya za rangi moja, fimbo za mapazia nazipandisha karibu na dari ili chumba kionekane kirefu, na kila sinki naimwagia maji, maana bomba likikaa kavu siku mbili tatu harufu inapanda. Nikishamaliza, nyumba ile ile iliyokaa mwaka mzima ikipitiwa na watu tu, ndani ya wiki mbili inapata mwenyewe. Wanaodhani ni anasa waulize madalali.

Nyumba ya Fundi ilikuwa na miezi miwili sokoni.

Fundi ni fundi cherehani, anashona suti za wanaume katika chumba cha chini kinachotazama barabara. Hapo juu alikuwa akiishi na mama yake, mpaka magoti ya mama yalipokataa ngazi kabisa. Dada yake mkubwa, anayeishi mji mwingine, mwendo wa saa nane kwa basi, akaja akamchukua. Wakakubaliana, dada na kaka: nyumba iuzwe, inunuliwe nyingine isiyo na ngazi karibu na dada, na Fundi ahamie huko na cherehani yake akae na mama. Mpango mzuri, hauna kasoro. Kasoro ilikuwa mimi.

Nilianza kumpenda kwa ajili ya mapazia. Yale ya zamani yalikuwa mazito, ya rangi ya kahawa iliyopoa, nikamwambia hayafai. Akasema, "Nunua kitambaa, nitashona mwenyewe." Akaja na futi yake ya kupimia shingoni, akanipa ncha moja. "Shika hapa," akasema. Nikashika. Tulipima madirisha saba kwa siku tatu, wakati hata fundi mwanafunzi angeyamaliza saa moja. Hakunigusa hata kidole. Ila alikuwa akifika upande wa pili wa dirisha ananiangalia, anasahau kusoma futi, inabidi arudie. Nami nilikuwa nikitulia na ncha yangu kama mtu anayepimwa nguo ya harusi. Nilishaolewa, nilishaachika, nilidhani mambo hayo nimeyapa kisogo. Kumbe.

Dada mtu alikuja mara moja kukagua. Akapita chumba kwa chumba, akagusa hiki, akapekua kile, mwisho akanisimamisha kwenye ngazi.

"Bi Mapambo," akaniita, na hilo jina nikaelewa ni la kunikebehi, "kazi umeimaliza?"

"Imebaki kidogo, dada."

"Basi imalize, uende. Nimeona macho ya ndugu yangu, na yako nimeyaona. Yule ana mama wa kumtunza. Hana nafasi ya mwanamke aliyeachika anayetafuta pa kujishikiza."

Nilijikaza kisabuni, nikamwambia nimesikia. Nilikwenda kulia bafuni, halafu nikakunja taulo vizuri, maana wateja walikuwa wanakuja kesho yake.

Wateja hao wa kwanza waliipenda. Walikaa saa nzima, wakapanda ngazi mara tatu, wakamwambia dalali watarudi kesho na baba yao. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikifanya kwa mikono yangu miwili. Kadiri ninavyoipendezesha nyumba ile ndivyo ninavyomfungia Fundi mizigo. Asubuhi yake niliingia mapema kwa ufunguo wangu, Fundi akiwa ameenda kununua vifungo, nikaenda stoo nikalitoa kochi kubwa la kahawia nililolitoa sebuleni siku ya kwanza. Kochi halitaki nguvu, linataka ujuzi: unatia blanketi chini ya miguu yake, unavuta. Nikaliegesha mbele ya dirisha. Sebule ikawa nusu. Baba yao alipokuja alisimama mlangoni tu, akasema, "Mlisema pakubwa."

Baada ya hapo nilishika kasi. Nikashusha fimbo za mapazia. Nikatia balbu hafifu kwenye ngazi. Masinki nikayaacha makavu. Kila nililojifunza kwa miaka tisa nililifanya kinyume, na nyumba ikawa kama mtu aliyeamka vibaya. Wateja wakaja, wakaenda. Mimi nikapata kisingizio cha kurudi kila Jumatano na Jumamosi "kuiboresha". Fundi ananifungulia mlango, ananiuliza nimekula, nakaa kwenye kiti cha wateja wake namtazama anavyokata kitambaa, na siku yangu inatosha.

Sasa turudi siku ile, wateja wa sita. Dalali alivuka barabara, ananifuata.

"Bibie, sijapata kuona," akasema. "Wewe ndiye niliyewasifia watu wote. Nyumba zako hazilali. Hii ina nini?"

"Labda bahati yake," nikasema, macho makavu.

"Leo yule mama amesema inanuka. Inanuka, bibie. Nyumba yako." Akatikisa kichwa, akapanda pikipiki yake akaondoka.

Fundi alikuwa amesimama hatua chache nyuma yangu na amesikia yote. Akasema taratibu, "Ingia ndani. Kuna kitu nataka nikuonyeshe."

Alinipeleka sebuleni, akapiga goti mbele ya dirisha, akashika pindo la pazia. Akavua futi shingoni.

"Hili pazia nimelishona mimi," akasema. "Nililishona liguse sakafu, lisiilalie. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Leo limelala. Nimepima. Vidole vinne kamili." Akaniangalia kutoka chini pale alipopiga goti. "Mimi nashona miaka ishirini na moja. Nguo inarudi ndani ukiifua. Sijawahi kuona kitambaa kilichorefuka ukutani."

Nikajitia hamnazo. "Labda fimbo imelegea."

"Zote saba?"

Nikainama nikalinyoosha pindo.

"Kochi ulilitoa mwenyewe siku ya kwanza," akaendelea, wala sauti hakuipandisha. "Ulinihutubia nusu saa hapa kwamba kochi mbele ya dirisha linaua sebule. Nikakubali, tukalibeba wote. Halafu siku moja nimetoka kununua vifungo, narudi, kochi limekaa pale pale. Nani alilirudisha?"

"Ni mimi."

"Balbu?"

"Mimi."

"Sinki?"

"Fundi, yote ni mimi. Usinihoji kama polisi. Nimeharibu kazi yangu mwenyewe, na ukitaka nikuambie sababu nitakuambia, maana nimechoka kuibeba. Nyumba ikiuzwa unaondoka. Ndiyo sababu, sina nyingine."

Akainuka, akakaa kwenye lile kochi baya, akazungusha futi kwenye vidole vyake. Nikangoja anifukuze. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitapitia mlango upi ili majirani wasinione nikilia.

"Unajua mama analala wapi?" akauliza.

"Kwa dada yako."

"Kwa dada, wapi? Nyumba ina vyumba viwili na watu saba. Mama analala sebuleni, kwenye kochi. Wajukuu wakiwa wanaangalia televisheni inabidi akae awangoje wamalize, ndipo atandikiwe. Mtu wa miaka sabini na nne, anasinzia amekaa. Jana amenipigia ananiuliza kama nyumba yetu ina mkosi, tuiombee dua."

Nikakaa sakafuni. Nilikuwa najua mama yuko kwa binti yake, basi. Nilimweka kichwani mwangu kwenye chumba chake, kitanda chake, dirisha lake. Kazi yangu ni kupanga vyumba, na chumba hicho nilikipanga vizuri ili roho yangu isinisute.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Miezi miwili, Fundi. Ungeniambia tu."

"Ningekuambia, ungefanya kazi yako vizuri."

Nilimtazama. Hakuwa akitania.

"Kochi nililiona siku ile ile," akasema. "Ningeweza kulisogeza mwenyewe, si zito. Mapazia nimeyaona wiki ya pili. Asubuhi nilikuwa naamka nasema leo nitamwambia, halafu inafika Jumatano, unaingia na mwavuli wako, unakaa pale, nasema basi, Jumamosi. Mama ananiuliza, namwambia wateja hawaji. Namdanganya mama yangu mzazi. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Tumekuwa wawili."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa furaha na kwa aibu kwa pamoja, jambo ambalo sikujua linawezekana, na pua ikawa inachuruzika vibaya mno. Alinipa kipande cha bitana kilichokatwa vibaya nijifute. Alitaka kusema neno, niliona midomo yake inalitafuta.

"Usiseme," nikamwambia. "Ukisema leo, hiyo fimbo sitaipandisha. Najijua mimi. Lete ngazi."

Tukafanya kazi mchana ule mpaka jua likaanza kulegea. Kochi tulilitoa wote, yeye mbele mimi nyuma, mlangoni likakwama kama lenye ubishi, tukacheka, halafu tukaacha kucheka. Fimbo saba tulizirudisha juu. Yeye juu ya ngazi anakaza skrubu, mimi chini nimeshika ngazi isiteleze, kichwa changu kiko usawa wa magoti yake. Sikuwahi kumtamani mtu kama nilivyomtamani yule mwanamume akiwa anatoboa ukuta ili aondoke. Nilimwaga maji kwenye masinki yote. Nilisugua, nikapiga pasi mapazia yakiwa yananing'inia. Nilipowasha balbu mpya kwenye ngazi, nyumba ilipendeza mpaka nikaichukia.

"Ni nzuri," akasema Fundi.

"Ndiyo. Itakwenda."

Jumamosi ile walikuja wateja wa saba, na dada mtu akaja pia, amesafiri tangu usiku kuja kuona kwa macho yake kitu gani kinachowafukuza watu. Salamu yangu aliipokea kwa pua. Tukasimama watatu upande wa pili wa barabara: mimi, Fundi katikati, dada na kibegi chake. Walioingia walikuwa mke na mume, umri wa kati, na mama mkwe mmoja mwenye miguu mizima anayependa kupanda juu. Zikapita dakika kumi. Zikapita ishirini. Dirisha la ghorofani likafunguliwa, yule mama mkwe akatoa kichwa, akavuta hewa, akalifunga tena kwa uangalifu, mtu anavyofunga la kwake.

"Wamechelewa kutoka," dada akasema. "Kuna ubaya?"

"Hapana, dada," nikamjibu. "Ndio uzuri wenyewe."

Mkono wa Fundi ulikuwa umening'inia karibu na wangu, pengo la unene wa kitambaa tu, na wote wawili hatukuusogeza.

Baada ya dakika hamsini dalali alitoka mbio mbio, anavuka barabara bila kutazama magari. "Wanaichukua," akasema. "Hawataki hata kwenda kufikiri. Wanauliza jambo moja tu. Mapazia yanabaki?"

Fundi aliitazama nyumba kwanza. Nilijua anafikiria madirisha saba, siku tatu, na mimi nimeshika ncha.

"Yanabaki," akasema.

Dada akainua mikono akashukuru Mungu palepale barabarani, machozi yakamtoka, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyochoka. Mtu aliyekaa miezi miwili akimtandikia mama yake kwenye kochi kila siku. Nilitamani ardhi inimeze. Akatoa simu, akapiga, akasema kwa sauti ya kupasuka, "Mama, imepata mtu. Nyumba imepata mtu. Ongea na mwanao," akamsukumia Fundi simu.

Fundi aliishika. "Shikamoo, mama." Akasikiliza. "Ndiyo, mama. Ndiyo. Hapana, haikuwa na mkosi."

Nikamwona anavuta pumzi. Nikamkamata kiwiko, nikatikisa kichwa, usiseme, dada yako yuko hapa, usijiharibie. Akanitazama, akasema hivyo hivyo.

"Mama, ilichelewa kwa sababu yangu. Wateja walikuwa wanakuja tangu mwanzo. Kuna mtu niliogopa kuachana naye, na yeye akaogopa, tukaizuia wote wawili. Ndiye huyu aliyeipanga. Niko naye hapa."

Dada alitugeukia taratibu, mdomo wazi. Akamtazama kaka yake, akanitazama mimi, akalitazama lile dirisha la ghorofani. Nilingoja matusi. Nilikuwa nayastahili na nisingejibu hata moja. Alichosema ni kwa sauti ya chini, na kiliniuma kuliko matusi: "Mimi nimekuwa naamka mara tatu kila usiku kumgeuza."

"Nisamehe, dada," nikasema.

"Usiniombe mimi."

Fundi akaondoa simu sikioni. "Anataka kuongea na wewe," akaniambia.

Nikaichukua simu kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haitetemeki. Nyuma yake televisheni ilikuwa inapiga kelele. "Wewe ndiye uliyenilaza kwenye kochi miezi miwili?"

"Ndiye mimi, mama. Sikujua kuhusu kochi, lakini nilijua namzuia mwanao asije kwako. Naomba unisamehe."

Nilisikia akimwambia mtoto apunguze sauti, na televisheni ikanyamaza. Fundi alikuwa ananikazia macho usoni, anajaribu kusoma ninachoambiwa. Dada alikuwa ameweka kibegi chini na amekikalia, pale pale ukingoni mwa barabara.

"Kwa simu sisamehi mtu," mama akasema. "Njoo uniombe ukiwa umekaa mbele yangu, nikuone uso. Na hiyo nyumba mpya atakayoninunulia mwanangu, unadhani nitakaa humo ikiwa imepangwa na wanaume? Upo?"

"Nipo, mama."

"Basi njoo. Mimi sina pa kukimbilia, magoti yenyewe ndiyo haya."

Simu ikakatika. Nikamrudishia Fundi, nikamgeukia dada yake nikamuuliza basi la kesho linaondoka saa ngapi.